UZI: Simu ya kuzamia ziwani. Usiniambie ni modeli gani, niambie imefunguliwa mara ngapi

FundiBoti_Goma (mwanzisha uzi)

Wakubwa na wadogo, salamu kutoka Goma.

Kazi yangu ni boti. Siziendeshi, nazitengeneza na kuzikagua huko chini ambako abiria haoni: propela iliyopinda, kamba ya wavu iliyojisokota kwenye shafti, ubao ulioanza kuoza. Zamani nilikuwa napiga mbizi, naangalia kwa macho yangu, napanda juu namwambia mwenye chombo, "Papa, propela yako imevunjika bawa moja," naye anatoa hela. Siku hizi mwenye chombo anakaa Bukavu au ng'ambo, boti yake anaisimamia kwa WhatsApp. Neno la fundi halimtoshi. Anataka picha.

Ndiyo maana nikaanza kuzama na simu, na ndiyo maana nimeua simu. Naandika ili mwingine asiue ya kwake kwa ujinga ule ule.

Marehemu nilimnunua sokoni Birere, okazioni (iliyokwisha kutumika), boksi lake lipo, na nyuma ya boksi imeandikwa IP68. Muuzaji akaitumbukiza kwenye ndoo mbele yangu huku muziki unapiga. Akaitoa, muziki bado unapiga. Nani angekataa? Jumamosi nikashuka nayo chini ya boti, mita nne hivi. Picha sita zikatoka vizuri. Ya saba nikaona wingu jeupe limekaa kwenye kona ya kamera, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Nilipotoka majini spika ilikuwa inaongea kama mtu mwenye mafua. Jioni, giza tupu.

Fundi simu alipoifungua akaniita nisogee. Mgongo haukuwa na gundi ya kiwandani. Ulikuwa na ile gundi nyeusi ya mrija ambayo kila kibanda wanayo, imepakwa pande tatu. Upande wa nne, hakuna kitu. Mtu aliibadilisha betri, akapaka, akachoka. Ndoo ya muuzaji ina maji ya kiganja kimoja, hayana nguvu ya kuingia. Mita nne zina nguvu.

Sasa hiyo namba ya IP68, kipimo cha simu kuzuia vumbi na maji. Ile 6 ni ya vumbi, tuiache. Tarakimu ya pili ndiyo maji. Ikiwa 7, simu imepimwa kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30. Ikiwa 8, imepita hapo, lakini imepita kwa kiasi gani ni kampuni yenyewe inayochagua na kutangaza. Kwa hiyo simu mbili zenye IP68 ni kama watu wawili wenye jina moja. iPhone za namba kuanzia 12 zimetangazwa mita 6 kwa dakika 30. Galaxy S kwa miaka mingi zimetangazwa mita 1.5 kwa dakika hizo hizo. Na kipimo ni cha simu mpya, maji yasiyo na chumvi, yametulia, simu imelala, hakuna mtu anayeizungusha mkononi akitafuta propela.

Msije mkasema namchukia mtu. Italia mwaka 2020 iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 kwa namna ilivyotangaza simu zake kuvumilia maji huku dhamana haifuniki uharibifu wa maji. Australia mwaka 2022 mahakama iliitoza Samsung dola za huko milioni 14, kwa matangazo yaliyoonyesha Galaxy kwenye bwawa na baharini. Hao ni wakubwa wa dunia. Sisi wa okazioni tuna nini?

Hesabu moja nimalize. Kila mita 10 za maji zinaongeza karibu kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Simu ya sentimita 15 kwa 7 ina uso wa sentimita mraba 105. Maana yake, kwenye mita 10 umeitwisha mifuko miwili ya simenti juu ya kioo. Hata chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha kubebea mizigo, ingelalamika, sembuse gundi ya mrija.

Nawasikiliza. Nani anazama na simu na bado anayo?

---

Mwana_wa_Himbi

Pole sana kaka kwa msiba 😂

Mimi natumia ule mfuko wa plastiki wa kuvaa shingoni, wa dola tatu, una klipu tatu juu. Umeandikwa mita 30. Nimeoga nao ziwani mara nyingi, simu inapiga video mpaka mwisho. Kwa nini ujisumbue na IP?

---

FundiBoti_Goma

Mdogo wangu, "nimeoga nao" ni kina gani? Maji yanakufika wapi?

---

Mwana_wa_Himbi

Kifuani 🙈

---

Mbizi_Bukavu

Hodi humu ndani. Mimi nazama na mtungi wa hewa, nilijifunza Zanzibar, nimezama Tanganyika pia upande wa Uvira. Ninyi nyote wawili mmeuliza swali la pembeni.

Ukizama kweli kweli, simu haitakiwi kuguswa na maji hata tone. Swali la IP linakuhusu siku kitu kingine kimeshindwa. Kinachozama ni kasha, simu inakaa ndani kama abiria. SeaLife wana kasha la SportDiver, limetangazwa mita 40. DIVEVOLK wana SeaTouch, mita 60, lina utando laini mbele unaopitisha kidole mpaka kwenye kioo. Bei ni mamia ya dola. Uchungu, najua.

Ule mfuko wa dola tatu nikuambie kinachotokea ndani yake. Umeufunga ufukweni, una hewa. Goma na Bukavu tuko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, kipimo cha mgandamizo kinasoma kama milibari 850 badala ya 1,013 ya Mombasa. Ukishuka mita 10 ndani ya Ziwa Kivu, hewa iliyo mfukoni inabaki chini ya nusu. Plastiki inajikunja, inashika simu kama ngozi, inabonyeza vitufe vyote vya pembeni kwa wakati mmoja. Simu inajizima, au inapiga kelele ya dharura, au inapiga picha mia za giza. Hapo bado maji hayajaingia. Yakiingia, yanaingia kwenye klipu, kwa sababu klipu inabana plastiki iliyokunjamana.

Kwa mtu wa kifuani, mfuko unatosha. Msimcheke.

---

Fundi_Simu_Kadutu

Nimesoma habari ya gundi pande tatu, nimeona aibu kwa niaba ya kabila letu la mafundi. Lakini ukweli usemwe: mteja akija na simu imekufa betri, anakupa dola tano na anasimama juu ya kichwa chako anakuambia "harakisha, nina boti ya saa saba". Nani atamsafishia fremu gundi ya zamani mpaka ing'ae, apake mpya, abane na vibanio masaa kadhaa? Ile ya kiwandani ni gasketi iliyokatwa kwa umbo la simu hiyo hiyo. Ya kwetu ni mkono na macho.

Mkitaka kujua simu imeshafunguliwa, msiangalie boksi. Fanyeni hivi:

Angalia skrubu mbili za chini pembeni ya tundu la chaji, kwa simu zilizo nazo. Kichwa cha skrubu kikiwa kimechubuka hata kidogo, bisibisi imepita. Pitisha ukucha kwenye mstari wa kioo na fremu, zunguka simu nzima taratibu. Ukucha ukikwama mahali pamoja na kuteleza kwingine, kuna gundi ya mkono. Chomoa kitreya cha laini, kiangalie: kina kampira kembamba kimekizunguka. Kwenye simu za mitumba kampira hako huwa kamekatika au hakapo kabisa, na watu hawajui hata kama kalikuwepo. Kisha mulika tochi ndani ya tundu la kitreya. iPhone nyingi zina kialama kidogo humo, cheupe. Kikiwa chekundu, simu hiyo imeshakunywa maji, hata kama muuzaji anaapa kwa marehemu bibi yake.

Kioo chenye ufa hata wa nywele, usijadili. Ufa ni mlango.

---

FundiBoti_Goma

Asante fundi. Nimepitisha ukucha kwenye simu ninayoandikia sasa hivi. Imekwama mara mbili. Nimekaa kimya hapa.

---

Mwana_wa_Himbi

Nimeangalia kampira ka kwenye treya. Hakapo. Nimenyamaza mimi pia.

---

Fundi_Simu_Kadutu

Kipimo kingine. Simu nyingi za bei ya juu zina baromita ndani, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa, iPhone zinayo tangu ya 6. Weka programu yoyote inayosoma baromita. Hapa kwetu itaonyesha 850 na kitu. Weka simu mezani, bonyeza katikati ya kioo kwa kidole gumba, kwa nguvu ya kawaida tu. Simu iliyofungwa vizuri, namba inaruka ghafla halafu inarudi polepole, kwa sababu hewa ya ndani imebanwa na haina pa kutokea haraka. Simu iliyo wazi, unabonyeza na namba imelala tu, hewa inatoka kama inapita mlangoni.

Mteja wangu mmoja alikuja na simu anasema ni mpya. Nikabonyeza: 852, 852, 852. Nikampa aangalie mwenyewe. Hakuninunia mimi, alimnunia aliyemuuzia.

---

Mbizi_Bukavu

Kipimo kizuri, ila kisiwape watu kiburi. Kidole gumba kinakuambia tundu lipo au halipo leo, mezani. Hakikuambii gundi itavumilia mifuko miwili ya simenti. Simu ikifeli, imefeli kweli. Ikifaulu, useme tu haijafeli bado.

Na kuna wale wanaouziwa simu ngumu za mpira, zile nzito, "hii ni IP69, imepita 68". 69 haihusu kina. Ni kipimo cha maji ya moto yanayopigwa kwa bomba la nguvu kutoka karibu. Ni sifa nzuri kwa mtu anayeosha magari.

---

MamaSambaza

Wanangu, habari za usiku. Mimi nina makipe mawili (makundi ya boti za uvuvi) ya sambaza, wale samaki wadogo, upande wa Kituku. Wavu unachanika chini na wavulana hawajui umechanika wapi mpaka wautandaze asubuhi. Kijana wangu akasema mama, tushushe simu na taa usiku tuone. Akaifunga kwenye mfuko, akashuka nayo mita mbili akiwa na taa ya simu yenyewe imewashwa. Video imetoka theluji. Nyeupe nyeupe tupu, kama televisheni ya zamani isiyo na chaneli. Wavu hauonekani kabisa. Simu haifai au ni kijana hafai?

---

Mbizi_Bukavu

Shikamoo mama. Hakuna aliye mbaya hapo, ni taa.

Maji ya Kivu yana vijidudu na vumbi laini linaloelea, na usiku sambaza na chakula chao wanapanda juu kufuata taa. Taa ya simu imekaa sentimita moja kutoka kwenye kamera. Inamulika kila punje iliyo mbele, na kila punje inarudisha mwanga moja kwa moja kwenye lenzi. Ni kama kuwasha taa kubwa za gari kwenye ukungu wa kupanda Masisi: unaona ukungu, huoni barabara.

Zima taa ya simu. Kijana ashike tochi ya maji kwa mkono wa kushoto, ainyooshe mbali upande, aelekeze mwanga kwenye wavu kutoka ubavuni. Halafu asogee. Nusu mita kutoka kwenye wavu, isizidi mita moja. Kuona mita tano kwa macho mchana si kuona mita tano kwa kamera usiku.

---

MamaSambaza

Marahaba. Nitamwambia. Tochi ya maji anayo jirani, ataikodisha maana haazimi mtu bure.

---

FundiBoti_Goma

Hapo kwenye mwanga nina kisa, mniruhusu.

Kuna boti moja niliikagua, tumbo lake limepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, nyekundu ya kupiga kelele. Nikashuka chini kabisa, nikaipiga kutoka umbali wa kama mita tano ili itokee nzima. Nikamtumia mwenyewe. Akanipigia simu amekasirika: "Boti yangu ni nyekundu. Hii ni ya kijivu. Umenipigia boti ya nani?" Nikaapa. Akakataa. Ikabidi siku ya pili nishuke tena, nisogee mpaka nusu mita, niimulike na tochi, ndipo nyekundu ikarudi. Siku ya pili hakuilipa.

---

Mbizi_Bukavu

😂 Maji yalikula nyekundu yako. Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kumezwa, kufikia mita tano sehemu kubwa imeshaondoka, kisha inafuata ya machungwa, kisha njano. Na hesabu si kina peke yake: ni safari yote ya mwanga, kutoka juu mpaka kwenye kitu, halafu kutoka kwenye kitu mpaka kwenye kamera yako. Umekaa mita tano mbali, umemlipisha mwanga nauli mara mbili.

Ndiyo maana katika kuchagua simu ya kuweka ndani ya kasha, mimi siangalii megapikseli. Naangalia mambo ambayo wauza simu hawayataji:

Kama programu ya kamera inakubali nipange mwenyewe mizani ya weupe, yaani jinsi inavyosawazisha rangi, na kama inahifadhi picha ghafi, kabla simu haijaipika. Picha ghafi ukirudi nyumbani unaweza kuivuta nyekundu irudi kidogo. Picha iliyokwisha kupikwa na simu, ukiivuta inatoka zambarau.

Lenzi pana. Chini ya maji kila kitu kinaonekana kikubwa zaidi kwa theluthi moja na kimesogea karibu kwa robo, ndiyo maana mkono unakosa kitu ulichodhani umekifikia. Kioo bapa cha kasha kinapunguza upana wa kamera. Ukiwa na lenzi pana unarudishiwa ulichonyang'anywa, na unaweza kusogea karibu bila kukata nusu ya boti. Lakini lenzi hiyo iwe na fokasi ya kweli. Simu nyingi za bei nafuu zina macho manne mgongoni, mawili ni ya megapikseli 2, pambo la sebuleni.

Joto na betri. Simu inarekodi 4K ndani ya boksi lisilo na upepo. Nyingine zinajizima kwa joto kabla hujafika chini. Jaribu nyumbani kwanza: ifunge ndani ya kasha, rekodi dakika ishirini, uone.

Na vitufe vya sauti viwe pembeni mahali ambapo kasha linafika. Hii watu wanaisahau, wananunua kasha la "simu zote" kisha kitufe kinagonga hewa.

---

FundiBoti_Goma

Na kwa anayezama bila kasha (msifanye, lakini najua mtafanya), kioo cha simu hakijui kidole na maji ni tofauti. Kinahisi umeme, na maji yanapitisha umeme. Ukiingia majini ni kama vidole kumi vinabonyeza pamoja. Yangu siku moja ilijigeuzia kamera ya mbele, nikapanda juu na dakika nne za matundu ya pua yangu. Anza kurekodi video ukiwa bado juu, zima kioo kisipokee vidole kama simu yako ina mpangilio huo, ndipo ushuke. Ukirudi unakata picha kwenye video. Picha moja ya 4K ina megapikseli 8 na zaidi, kwa WhatsApp ya mwenye boti ni nyingi mno.

---

Kisanga_Lshi

Lubumbashi hapa, hatuna Kivu lakini tuna mabwawa ya kuogelea ya mahoteli 😎 Nasikia maji ya bwawa ni salama zaidi kwa sababu ni masafi?

---

Fundi_Simu_Kadutu

Ni masafi kwa mtu. Kwa simu yana klorini, na klorini inakula mipira na gundi taratibu. Sabuni ya kuogea ni mbaya zaidi, inafanya maji yateleze na kupenya mahali ambapo yangeshindwa. Ukitoka bwawani suuza simu kwa maji ya kawaida, futa, usichaji mpaka tundu likauke kabisa. Na usiizike kwenye mchele. Apple wenyewe mwaka 2024 walitoa maelekezo kwamba punje za mchele zinaweza kuiharibu simu. Mimi nimeshatoa punje kwenye tundu la chaji kwa sindano. Mchele ulikuwa umevimba.

---

Kisanga_Lshi

Basi mchele tuuache kwa sombe. Asanteni.

---

MamaSambaza

Mimi narudi na neno moja, kwa kuwa nawasikia mnasema kina, mita, kina, mita. Ziwa hili si bwawa la hoteli. Kuna sehemu za ufukwe wa Goma na Sake ambako mazuku inalala asubuhi kukiwa hakuna upepo, hewa mbaya nzito inakaa chini mahali pa bondeni, hata juu ya maji. Mtu anainama kuchota, anaanguka. Mtoto ndiye wa kwanza kwa sababu pua yake iko chini. Msipeleke vijana kupiga picha mahali msipopajua kwa kuwa simu imefaulu kipimo cha kidole.

---

Mbizi_Bukavu

Mama amesema jambo kubwa kuliko uzi mzima. Niongeze: ghuba ya Kabuno, kule Sake, si sawa na ziwa kubwa. Kwenye ziwa kubwa maji yenye gesi nyingi yako mbali sana chini, mamia ya mita. Kabuno yanaanza kama mita 11 tu. Msizame huko, na simu wala bila simu.

Na kwa wenye mitungi: urefu wetu juu ya bahari hausaidii kasha wala haulidhuru, mita 10 ni mita 10. Unaudhuru mwili. Kuanzia mita 300 juu ya bahari tayari inahesabiwa kuzamia mlimani, majedwali ya bahari ya kuhesabu muda wa kuzama hayatumiki vile vile. Kompyuta ya kuzamia iwe inatambua mwinuko. Ukishatoka majini usipande gari siku hiyo hiyo kuelekea milimani, Kahuzi au Masisi, kwa mwili ni kama kupanda ndege.

---

Mwana_wa_Himbi

Swali la mwisho la mtu wa kifuani. Kama hela ya kasha ipo, si bora kununua kamera kabisa?

---

Mbizi_Bukavu

Swali zuri kuliko yote ya leo, mdogo wangu. GoPro nyingi kuanzia HERO5 zinashuka mita 10 zenyewe bila kasha, na kasha lake ni mita 60. Olympus TG-6 inashuka mita 15 yenyewe. Ikifa, imekufa kamera. Simu ikifa, imekufa na namba za watu, pesa ya M-Pesa na picha za harusi ya dada yako. Kwangu mimi simu ya kwenye kasha iwe ile ya pili, ya zamani yenye kamera nzuri, haina laini ndani. Ya kuongelea ibaki ufukweni.

---

FundiBoti_Goma

Mrejesho.

Mbizi_Bukavu amenitumia kasha lake la zamani kwa boti, Mungu ambariki. Kabla sijaweka simu nikafanya kipimo cha tishu alichonielekeza: tishu ikilowa, maji yameingia. Nimefanya kwa vyombo viwili, mfuko wa dola tatu (wa Mwana_wa_Himbi, amejitolea) na kasha.

Ndani ya kila kimoja nimeweka tishu iliyokunjwa na jiwe jeusi la volkano la kuzamisha. Hapa Goma mawe ni bure. Nikavifunga kwenye kamba yenye fundo kila mita. Mita mbili, nusu saa: tishu zote mbili kavu. Mita tano, nusu saa: ya kasha kavu, inachanika kwa sauti. Ya mfuko, kona ya juu karibu na klipu ina doa la ukubwa wa ukucha. Doa hilo kwenye simu lingekuwa juu ya kamera ya mbele. Mwana_wa_Himbi ameliona kwa macho yake.

Kasha nalo lilinifundisha. Mara ya kwanza nilipolifunga na kuvuta hewa kwa pampu yake ndogo, taa yake ya kuonyesha limeziba haikukubali kuwa ya kijani. Nikafungua, nikatoa ile oringi, mpira wa mviringo unaoziba kasha, nikaipitisha katikati ya vidole viwili taratibu. Punje moja ya mchanga mweusi. Moja. Mchanga wetu huu unaingia mpaka kwenye chakula, sijui niliwezaje kudhani hautaingia kwenye mpira. Nimeiosha kwa maji ya bidoni (nayo yametoka ziwani, tunazunguka mle mle), nikapaka silikoni nyembamba ya kung'aa tu, nikairudisha. Kijani. Sasa nalifungia ndani ya nyumba, asubuhi, mbali na barabara, na kipakiti kimoja cha kunyonya unyevu, vile vya kwenye viatu vipya.

Leo nimeshuka. Simu ya pili, haina laini. Tochi mkono wa kushoto, nimesogea mpaka sentimita arobaini. Bawa la propela lililovunjika limetoka wazi, unaona mpaka chuma kilipokatika kinavyong'aa, na pembeni nimeshika rula ili mtu asiniambie ni ya boti nyingine. Nyekundu ni nyekundu.

Nimemtumia mwenye boti saa kumi na moja. Saa mbili usiku amejibu:

"Picha nzuri sana fundi. Na lile bawa la pili mbona hujalipiga?"